Vitenzi Viwili Nilivyoviandika kwa Neno Moja

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi, mwanangu, siku ile ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Saa hiyo sikuikisia. Niliiandika pembeni mwa daftari, kwa sababu tangu ujana wangu nina tabia ya kuandika saa ya kila kazi inayoingia na ya kila kazi inayotoka. Daftari lenyewe ninalo hadi leo hapa Butembo, kwenye rafu ya juu. Limepungua kurasa nyingi, na sababu ya kupungua kwake ndiyo habari ninayotaka kukupa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa mjini Beni, kwenye barabara inayokwenda Mavivi. Kilikuwa na meza moja, mashine moja ya kuandikia ambayo herufi yake ya r iliruka juu ya mstari, na kibao cha rangi nyekundu kilichosema: Barua, Vyeti, Tafsiri ya Kiingereza. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyokuwa fahari yangu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na shule ikaishia hapo. Kiingereza sikufundishwa na mtu. Nilikitoa ndani ya kamusi niliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakwenda Kampala kuchukua vitenge. Ilikuwa imekatika kurasa za mwisho, kuanzia herufi ya W, na kwa hiyo kwa miaka miwili niliweza kuandika barua ndefu ya Kiingereza bila kujua maji yanaitwaje wala dirisha linaitwaje.

Nilijifunza kwa utaratibu. Kila siku maneno matatu, kila neno mstari wake, kila mstari safu nne: neno la Kiingereza, Kifaransa chake, Kiswahili chake, na safu ya mwisho ya mfano kutoka katika maisha ya watu. Safu tatu za kwanza nilizijaza vizuri sana. Ile ya nne ilikuwa inachukua muda. Ilinibidi nikae, nifikirie, nijiulize ni nani hasa anayelisema neno hili, anamwambia nani, na baada ya kulisema kunatokea nini. Nilikuwa kijana, nilitaka kufikisha maneno elfu tano haraka. Safu ya nne nikaanza kuiacha wazi. Niliahidi kuirudia. Wewe nawe, najua, kuna safu yako unayoiacha wazi na kuahidi kuirudia.

Basi saa ile ya asubuhi pikapu ilisimama mbele ya kibanda, akashuka Patron Katembo. Huyu alikuwa mwenye depo ya kakao kule Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori. Wakulima walimuuzia yeye, naye akauza kwa wanunuzi wa ng'ambo. Alikuwa mtu wa shati safi na maneno machache, na sikuwahi kumwona akimpigia mtu kelele. Aliweka mezani bahasha ya kaki.

"Kambale," akasema, "iko kazi ya siku moja. Batu makumi tatu na mmoja, bakaratasi makumi tatu na moja. Unabaelezea, banaweka kidole, tunarudi. Dola makumi nane."

Kodi ya kibanda changu ilikuwa dola kumi kwa mwezi. Fanya hesabu mwenyewe.

Nilizitoa karatasi. Zilikuwa za Kiingereza, kila moja na jina la mkulima mmoja. Sehemu ya juu depo ilikuwa inawapa wakulima habari: siku za kupokea kakao, bei ya kilo, namna ya kukausha. Hapo kitenzi kilikuwa "announce". Sehemu ya chini ilikuwa ya mkulima. Ilisema kwamba yeye mwenye kidole hapa anathibitisha kuwa yaliyoandikwa juu ya shamba ni kweli, na hapo kitenzi kilikuwa "declare". Katikati palikuwa na kisanduku cha mwenye shamba. Nilipekua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Katika karatasi zote thelathini na moja kisanduku kilikuwa kimekwisha kujazwa, na jina lilikuwa moja: Katembo.

"Patron," nikasema, "hapa kwa mwenye shamba pameandikwa weye."

"Njo vile mununuzi anataka. Jina moja. Majina makumi tatu na moja itamuchokesha." Akatabasamu. "Na hapa chini si banatangaza tu? Weye njo unajua Kizungu, si miye."

Nilifungua daftari. Kwenye mstari wa kitenzi cha kwanza nilikuwa nimeandika: kutangaza. Kurasa kadhaa mbele, kwenye mstari wa kitenzi cha pili, nilikuwa nimeandika: vilevile kutangaza. Safu ya nne, pote pawili, ilikuwa nyeupe.

"Ndiyo, patron," nikasema. "Ni kutangaza."

Usinitetee, mwanangu. Usiseme kijana hakujua. Kifaransa cha kitenzi kile nilikuwa nimekiandika kwa mkono wangu, na hakuna mtu Beni asiyejua maana ya kwenda ofisini kudeklare mtoto, kumwandikisha na kumsimamia. Nilijua kwa mwili mzima. Ila daftari langu liliniruhusu nisijue, na dola themanini nazo ziliniruhusu, na ile sauti ya mtu mkubwa ikiniambia weye njo unajua, wewe ndiye unayejua, ikamaliza kazi. Nilifunga kibanda, nikaingia kwenye pikapu na kamusi yangu chini ya kwapa.

Tulifika Mutwanga saa nne na dakika hamsini. Mbele ya depo walikuwa wametandika turubai, kakao inakauka, na harufu yake ile ya siki na matunda ilikuwa imejaa uwanja mzima. Wakulima walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kutoka kapela, kanisa dogo la pale. Patron alisema maneno mawili ya kukaribisha, kisha akanionyesha kwa mkono, kama mtu anayeonyesha mashine mpya.

Nikasimama. Niliwaambia kwamba karatasi ina sehemu mbili na maneno mawili, lakini maana ni moja. Juu depo inatangaza, chini mkulima anatangaza. "Ni sawa vile katekista anatangaza kanisani," nikasema. "Hakuna ya kuogopa."

"Na siye Baprotestanti?" akauliza mzee mmoja wa nyuma, aitwaye Papa Kakule.

"Sawa vile mchungaji."

"Ee, basi itakuwa ndefu!" akasema, na watu wakacheka. Kicheko kile kilinisaidia sana. Watu wakicheka wanasimama kwa urahisi. Sita walikuja mezani mmoja baada ya mwingine, wakagusa sponji ya wino, wakaweka dole gumba chini ya karatasi, wakajifuta kwenye majani. Mimi niliziweka karatasi zao katika mfuko wangu wa turubai, nikaandika namba moja hadi sita.

Wa saba alikuwa Mama Masika. Alikuwa mjane, labda wa miaka sitini, amevaa buti za mpira, na tangu tufike alikuwa hajakaa. Shamba lake la kakao lilikuwa juu ya mfereji, mahali pazuri, na yeye na marehemu mumewe ndio waliolipanda mche kwa mche. Hakuwa na kitu kingine. Watoto wake wanne walikuwa wanakula hapo, wanasoma hapo, wanatibiwa hapo. Alikuja mezani, akautazama wino, akarudisha mkono nyuma.

"Kijana," akasema, "katekista njo alitangazaka ndoa yangu. Unajua alitangaza nini?"

"Hapana, mama."

"Jumapili ya kwanza alisema: Masika ataolewa na Paluku. Na Paluku ni kaka mukubwa ya bwana yangu! Bwana yangu ni Kasereka. Batu bakacheka mpaka padri akapiga meza. Jumapili ya pili katekista akatengeneza: si Paluku, ni Kasereka. Ikaisha. Hakuna mutu alilia."

"Ni vizuri, mama."

"Ngoja, sijamaliza. Siku ya ndoa yenyewe, mbele ya padri, kama miye na kinywa yangu ningesema namutaka Paluku, Jumapili yenye ilifuata ningetengeneza nini?"

Watu walikuwa wanacheka bado, lakini kicheko kilianza kupungua kutoka benchi za mbele kwenda za nyuma.

"Donc, basi niambie," akasema, na akainua dole gumba lake mbele ya macho yangu. Lilikuwa jeusi kwa utomvu wa kakao, lenye ufa katikati. "Hii kidole, ni ya katekista ao ni ya bibi arusi?"

"Mama Masika," akasema Patron kutoka kwenye kiti chake, kwa upole, "kakao ya batu itaoza juu ya ndoa yako?"

"Kakao yangu haiozi, patron. Niko nangojea mwalimu."

Akanigeukia tena. "Nisomee jina yenye iko hapa katikati."

Nilimtazama Patron. Patron alitazama saa yake. Mwanangu, nimefanya makosa mengi, lakini aibu ya muda ule, kumtazama mtu mmoja ili nijue kama ninaruhusiwa kusoma maandishi yaliyo mbele ya macho yangu, hiyo sijaipata tena. Niliomba dakika kumi. Saa tano na dakika ishirini na tano. Niliiandika hiyo pia.

Nilikwenda nyuma ya depo, nikakaa juu ya kreti tupu, nikafungua kamusi. Kitenzi cha kwanza: kufanya jambo lijulikane kwa watu. Hakuna zaidi. Anayelisema anaweza kuwa mtu yeyote aliyetumwa. Jambo lenyewe liko mahali pake hata akinyamaza, na akikosea atasahihisha Jumapili inayofuata. Kitenzi cha pili: kusema wazi na rasmi, kwa namna inayomfunga msemaji. Huyu hawezi kuwa yeyote. Ni lazima awe mwenye jambo. Na wakati mwingine jambo halijawa bado mpaka yeye aseme, na likishasemwa linaanza kuwa.

Nikakumbuka kifo cha baba. Kuanzia alfajiri mtaa mzima ulitangaza. Shangazi alitangaza kwa kilio, majirani walitangaza kwa kutuma watoto Masereka na Lubero, kanisani kengele ilitangaza. Hakuna aliyeulizwa wewe ni nani. Lakini siku tatu baadaye baba mdogo alinishika mkono tukaenda ofisini na mashahidi wawili, na karani hakuandika hata neno kabla ya kuuliza: "Ni nani anasimamia?" Baba mdogo akavua kofia, akasema, "Ni miye." Sauti yake ilibadilika. Ni hapo tu, ndani ya ofisi ile yenye meza iliyolegea, ndipo nilipojua kwamba baba amekufa kweli.

Mfano wa safu ya nne nilikuwa nao tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Sikutaka tu kukaa nao.

Nilirudi mbele. Sikuwa na hotuba. Nilichukua karatasi ya Mama Masika nikaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, Kiingereza kwanza halafu Kiswahili. Nilipofika kwenye kisanduku nikasoma: "Mwenye shamba: Katembo." Nilichukua nyingine nikasoma: Katembo. Nyingine: Katembo. Kisha nikasema kwamba nilichowaeleza asubuhi kilikuwa si kweli. Juu depo inatangaza, ndiyo. Lakini chini si kutangaza. Chini mtu anasema jambo na kulisimamia, na mwenye kuweka kidole hapa atakuwa amesema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba shamba analolima si lake.

Makelele yaliyofuata siwezi kukuandikia. Papa Kakule, ambaye alikuwa mmoja wa wale sita, alisimama juu ya benchi. Patron hakusimama.

"Kambale, nani anakulipa?"

"Ni weye, patron."

"Basi fanya kazi."

"Njo kazi ninafanya."

Akanyoosha mkono. "Lete huo mufuko."

Nilitoa karatasi ishirini na tano ambazo hazikuwa na alama yoyote, nikazipanga, nikamwekea mezani. "Hizi ni zako," nikasema. Zile sita nikazitoa moja moja, nikaita jina, nikampa kila mtu yake mkononi. "Hizi ziko na vidole vya wenyewe." Watu sita walizipasua vipande vidogo mno, na Papa Kakule akavitia vyake mfukoni, akasema hata vipande haviachi kwa mtu.

Patron aliinuka, akafuta vumbi kwenye suruali. "Utarudi Beni na miguu," akaniambia.

"Miguu iko nayo," akasema Mama Masika.

Pikapu ilipoondoka, nilifikiri mambo yamekwisha, na nikaanza kufikiria njia. Yule mama akanizuia. Alisema, na alisema kwa ukali: "Sasa umevunja tu. Jenga."

Hilo ndilo karipio lenyewe, mwanangu. Kuna vijana wanaodhani kukataa ni kazi kamili. Walikuwa bado wanahitaji karatasi. Mnunuzi yeyote wa kweli angetaka kujua kakao inatoka shamba la nani, na wasipokuwa na karatasi yao, angekuja mwingine na karatasi yake. Nikamwambia sina fomu. Akaliangalia daftari langu. Nikaelewa, na iliniuma. Safu nne, maneno matatu kwa siku, miaka mitatu. Nyuma ya kila ukurasa palikuwa peupe. Nikaanza kuchana.

Lakini hakukubali niandike pale kwenye mabenchi. Kule kwao shamba halisemewi nyumbani wala uwanjani. Mtu anaposema hili ni langu, anakwenda kusimama kwenye mimea ya mpaka, ile ya majani marefu ambayo hakuna anayethubutu kuing'oa, na majirani wa pande zote wanakuja kusimama naye, kila mmoja upande wake. Hapo ndipo inaposemwa. Kwa hiyo tulipanda hadi juu ya mfereji, watu wapatao ishirini, mimi na bodi ya mbao ya kuandikia juu yake. Saa saba na dakika tano Mama Masika alishika jani la mpaka akasema:

"Miye Masika, mujane ya Kasereka. Kutoka hapa mpaka mufereji, kutoka mufereji mpaka ile jiwe nyeusi, ni miye na yeye tulipanda. Hakuna mutu alitupatia mbegu, hakuna mutu tunamulimia. Kama ninasema uongo, hawa wawili baseme sasa."

Jirani wa juu alisema ni kweli. Jirani wa chini, mama mnene mwenye kitambaa cha manjano, alisema ni kweli pia. "Mais, lakini mwaka jana mbuzi yake ilikula muhogo yangu. Mwalimu, andika na ile."

"Ile haandiki," akasema Mama Masika bila kugeuka. "Ile unatangaza tu."

Tulicheka mpaka nikaharibu mstari mmoja. Kisha niliandika, Kiswahili juu na Kiingereza chini, na katika Kiingereza nilitumia kile kitenzi cha pili, nikijua sasa ninachokitumia. Aliweka dole gumba. Majirani waliweka yao pembeni. Siku ile tulimaliza mashamba tisa kabla ya mvua, na siku mbili zilizofuata tukamaliza yaliyobaki. Walinilisha muhogo na maharage, na walinipa kilo mbili za kakao kavu ambayo sikujua nifanyie nini. "Wasingya," waliniambia, shukrani ya kwetu. Patron alikuwa amekosea: nilirudi kwa pikipiki, kijana wao mmoja alinipakia hadi Beni.

Beni haikunipokea vizuri. Neno lilikuwa limenitangulia kwamba Kambale ni mfasiri asiye na adabu, anayekula kwa mtu na kumwaga chakula. Wenye depo wengine hawakuniletea barua. Vijana wa kwenye kituo cha pikipiki walikuwa wananiita: "Eeh, bibi arusi! Leo unasimamia nani?" Miezi mitatu baadaye nilitoa kibao changu, nikaifunga mashine kwa kamba, nikarudi kwetu Butembo. Sikuwa na ujasiri wa kuchekacheka. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ninayo bado kidogo. Sioni sababu ya kuificha. Nilifanya kazi sahihi siku moja na nikalipishwa kwa ajili yake, na wale walionilipisha walijua kwamba ilikuwa sahihi.

Mama Masika amekwisha kufariki. Mwanawe wa kwanza alipita hapa dukani kwangu Butembo mwaka uliopita. Alinieleza kwamba walikimbia vita mara mbili, wakarudi mara mbili, na mara ya pili walikuta mtu mwingine anavuna, akidai ameuziwa na depo. Wakamletea ile karatasi iliyochanwa kwenye daftari, wakamletea na watoto wa wale majirani wawili, wakasimama wote kwenye mimea ya mpaka. Yule mtu akaondoka. Hili sikuliona mwenyewe. Kwa hiyo ninakutangazia tu, kama nilivyotangaziwa. Yale ya siku ile ya Mutwanga nilikuwapo, niliyatenda, na hayo ninayasimamia.

Unaona sasa ninachokuomba. Leo una simu. Asubuhi inakuletea maneno mia kabla hujanawa uso, na kidole chako hicho hicho cha gumba kinayasukuma mbele: fulani ni mwizi, kijiji fulani kimeshambuliwa, mtoto wa fulani ameshirikiana na maadui. Umeona? Hapana. Basi wewe ni katekista, na katekista mwenye akili husema wazi kwamba ametumwa na ametumwa na nani. Usivae nguo za bibi arusi kwa habari ya mtu mwingine. Mtu anaweza kuuawa hapa kwetu kwa sababu kijana mmoja alisema ninajua mahali alipopaswa kusema nimesikia.

Na upande wa pili ni huu, na ndio ninaoutilia mkazo zaidi, maana kizazi chenu kimefundishwa kuogopa. Jambo likiwa lako, usilipunguze. Usiseme wanasema, usiseme inaonekana, usijifiche nyuma ya tangazo. Shamba ni lako, sema ni langu, ukiwa umesimama juu yake na majirani wanakusikia. Kosa ni lako, sema ni miye, vua kofia. Atakuja mtu mwenye shati safi, hatapiga kelele, atakuambia ni karatasi ya kawaida, weka kidole, wengine wote wameweka. Mwambie akusomee katikati. Akitazama saa yake, rudisha mkono. Watakuita mgumu, watakuita mchelewesha watu. Kubali majina hayo. Na ukishakataa, usiende nyumbani kujisifu. Tafuta ukurasa mweupe uandike karatasi iliyo ya kweli.

Mungu akupe kinywa kisichoazimwa kwa mtu. Akupe majirani watakaosimama upande wao wa mpaka hata kama mbuzi wako amewakosea. Akupe muda wa kujaza safu ya nne. Na siku utakapoulizwa mbele ya watu ni nani anasimamia, sauti yako itoke.

Nimeona si haki kukupa habari hii bila kukuambia ilinigharimu nini, nisije nikakudanganya kwamba ni rahisi. Kurasa za daftari la maneno elfu tatu. Kibanda kimoja. Na kwa kazi niliyoianza saa moja na dakika arobaini asubuhi, ambayo sikulipwa hata faranga na sitalipwa, dola themanini.